Kamba ya Sleji ya Mwisho

Risten alipiga barafu kwa mtaimbo, na sauti iliyomrudia hakuipenda hata kidogo. Barafu nzuri hulia kavu, na pigo lake hukurudia mpaka begani. Hii ililia kizito na kwa chini, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Akasogea mbele kidogo, pale ziwa linapobanwa na rasi mbili na mkondo ukapita chini mwaka mzima, akapiga tena. Sauti ikawa ile ile.

"Theluji iliwahi mno mwaka huu," alimwambia kaka yake Aslak. "Imeifunika barafu blanketi kabla haijanenepa. Msipite hapa. Fuateni ukingo mzunguke."

Aslak ndiye aliyekuwa amechomeka matawi ya msonobari kuonyesha njia ya msafara. Aliyachomeka pale pale marehemu baba yao alipoyachomeka, na katika kijiji kile njia ya baba haiulizwi maswali. Alimtazama dada yake kutoka juu hadi chini.

"Mwaka jana si ulisema hivi hivi? Tukaahirisha msafara, watu wakanywa supu wakaenda kulala. Barafu ikakaa mpaka Mei."

"Mwaka jana nilikosea."

"Basi na leo kosea kimya kimya, dada yangu. Nenda kauze glavu zako."

Akavaa mbao zake za kutelezea, akatangulia ng'ambo kuupokea msafara. Alivuka salama, bila shaka, maana mtu mmoja juu ya mbao ndefu si mzigo. Risten alimtazama akipungua machoni.

Ng'ambo tamasha lilikuwa limepamba moto. Watu walikuwa wamefika kwa magari, kwa barabara inayozunguka ziwa. Walikuwapo wachonga visu vya mipini ya pembe, wafumaji wa mishipi myekundu, wazee wakifundisha kurusha kamba ya kunasia kulungu, na moshi wa kahawa ukipanda. Mwaka mzima watu hawa hupanda pikipiki za theluji na kulalamikia bei ya petroli, lakini siku ya tamasha kila mmoja hujikumbuka kuwa ni mjukuu wa wafugaji. Na walichokuwa wakikingoja ni msafara: kulungu wanne wa kufugwa, kila mmoja akivuta sleji yake ya mbao inayoteleza juu ya theluji, na kila mmoja amefungwa kwa kamba kwenye sleji iliyo mbele yake.

Mwaka huu aliyeuongoza alikuwa Sunna, binti wa Risten. Katika sleji ya mwisho, nyuma ya kulungu mpole kuliko wote, alikuwamo Ravna, binti wa Sunna, amefungiwa katika kitanda chake kidogo cha ngozi cha kubebea mtoto, uso tu ndio unaoonekana. Mtoto wa ukoo huvushwa hivyo katika majira yake ya kwanza ya baridi, mbele ya macho ya watu.

"Niachie mtoto," Risten alimwomba huku ufukweni, kabla hawajaondoka. "Nitamzungusha kwa gari. Utatukuta tumeshafika."

"Kwa gari!" Sunna alicheka, akiendelea kukaza mafundo. "Waje waseme mwanangu alivushwa kama gunia la viazi? Mama, mimi nilivuka, wewe ulivuka, bibi alivuka."

"Barafu ya leo siyo ile."

"Mjomba kashapita hapo sasa hivi, hujamwona? Mama, nakuomba. Usinitie aibu leo."

Kengele zikalia, msafara ukashuka ziwani. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ng'ambo, na Sunna aliinamisha kichwa ndani ya kofia yake ya manyoya akauelekea. Hakugeuka nyuma. Kiongozi wa msafara hageuki mpaka akanyage nchi kavu, ndivyo walivyolelewa.

Risten alitembea kando ya kulungu wa mwisho. Walipokaribia matawi ya kwanza alichomoa kisu. Kwa watu wale, kukata kamba ya msafara ni sawa na kumpiga mfiwa kofi matangani. Alijua atasemwa mpaka afe. Akaikata.

Kulungu mpole akasimama. Wale watatu wakaendelea na kengele zao, wepesi zaidi, na Risten akaigeuza sleji akairudisha ufukweni. Akamtoa Ravna, akamkumbatia pamoja na kitanda chake, akatazama.

Msafara ulipita pale kati ya rasi mbili. Haukuzama. Ulifika ng'ambo mzima, na vigelegele vikaletwa na upepo. Risten aliona haya mpaka masikio yakawaka. Mwaka wa pili mfululizo! Angewatazamaje?

Ndipo akaziona nyayo. Pale katikati, kwenye mistari iliyoachwa na sleji, theluji ilikuwa ikigeuka kijivu. Maji yalikuwa yakipanda polepole, yakijaza nyayo moja baada ya nyingine.

Ng'ambo Sunna alikuwa amegeuka, na sleji ya mwanawe haikuwapo. Risten alimwona akitazama huku, akamwona akiipata picha nzima: mama, sleji, kamba inayoning'inia. Kisha Sunna akaanza kuja. Hakuvaa mbao za kutelezea. Alikuja kwa miguu, mbio, moja kwa moja kati ya matawi.

"Zunguka!" Risten alipiga kelele. "Sunna, zunguka! Pita ukingoni!"

Upepo ulimrudishia maneno yake mdomoni. Akamwinua mtoto juu ili mama yake aone kwamba ni mzima. Sunna alipomwona mwanawe hewani, akaongeza mbio.

Risten aliogopa kama hajawahi kuogopa. Akaelewa kwamba mtoto akiwa hapa, mama yake atapita pale. Akamfunika Ravna uso, akageuka, akaanza kukimbia naye kandokando ya ziwa kuelekea ghuba, mbali na matawi, ambako barafu ilikuwa nene. Sunna amwone kuwa mwizi wa mtoto. Amfuate mwizi huko huko.

"Unampeleka wapi mwanangu?" Sauti ya Sunna ilikuja na upepo, imepasuka. "Kichaa wewe! Mchawi! Rudi na mwanangu!"

Risten hakugeuka. Theluji ilimfika magotini, mtoto akilia kifuani mwake. Kila tusi lilimwingia kama dawa, maana anayetukana anapumua. Endelea, mwanangu, alisema moyoni, nitukane, pinda huku, nitukane mpaka uchoke.

"Sitakusamehe! Unasikia, mama? Sitaku..."

Risten alipiga hatua moja, akapiga na nyingine, akisubiri neno limalizike. Kulikuwa na upepo peke yake. Kisha, kutoka ng'ambo, watu wote wa tamasha wakapiga ukelele wa hofu kwa pamoja.