Kiuno cha Bibi Harusi

Kibodi ya duka la ushonaji ilikuwa inanata. Nusu, fundi wa kompyuta aliyebandikwa jina hilo kwa kuacha chuo katikati, alibonyeza herufi moja ikabaki chini kama imezama kwenye uji. Katikati ya vitufe kulikuwa na nywele, makombo na kipande cha ukucha. Akameza mate, akajuta kuyameza.

Nyuma yake alisimama Mama Mkasi, mkataji aliyedumu dukani miaka kumi na tisa, mkoba wake umeshafungwa. Gauni la bibi harusi alilikata kiuno inchi ishirini na nne kama mfumo wa vipimo wa kompyuta ulivyosema, kumbe kiuno cha bibi harusi mwenyewe ni thelathini na nne. Mtu alibadilisha namba, na bosi alishaamua ni nani.

"Tafuta ushahidi tu," bosi alisema. "Akiondoka, aondoke kwa haki."

"Haki gani, bosi, na mkoba ushafungwa?" Nusu aliuliza.

Shemeji wa bosi, mtu wa mapokezi na mlezi wa mfumo, alicheka huku akichokonoa meno kwa pini ya kushonea. Akaifuta kwenye suruali, akairudisha kwenye kopo la pini za wateja.

Nusu akafungua orodha ya watumiaji. Akaisoma kwa sauti. Mpiga pasi: ruhusa zote. Mfagizi: ruhusa zote. Dereva aliyeacha kazi mwaka juzi: zote, mpaka kufuta.

"Shem, hii nini?"

"Mtu akilalamika kakataliwa, nampa zote. Ya nini kusumbuana?"

"Na Mama Mkasi?"

"Miezi minane ananiganda nimpe ruhusa ya kurekebisha vipimo. Nikamwambia mkasi na kompyuta wapi na wapi. Asome tu, asibadilishe."

Nusu akaingia kwa jina la Mama Mkasi, akajaribu kubadilisha kiuno. *Huna ruhusa.* Akarudia polepole, bosi akiona. *Huna ruhusa.*

"Duka zima, asiyeweza kugusa hata nukta ni huyu mnayemfukuza."

Shemeji aliangalia kopo la pini. "Kuna siku niliingiza vipimo vya mteja mwingine," alinong'ona. "Labda nilikosea ukurasa."

Bosi akakohoa. "Basi yaishe, sote ndugu. Nusu, mfungulie na Mama zote, tuwe sawa."

Pole haikusemwa. Nusu akarudisha vidole kwenye vitufe vinavyonata.

"Usinifungulie, mwanangu," Mama Mkasi alisema, akitoa mkasi mkobani. "Kufungiwa ndiko kulikonitetea. Shem, njoo unishikie kitambaa, tukate upya. Kanawe kwanza."