Matundu ya Laini ya Chini

"Nyamaza, Baba Chemutai. Umenipotezea hesabu."

Jerusa, mhudumu wetu wa afya, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yetu, simu yake ikihesabu sekunde kando ya mto wa kulalia, macho yake kwenye kifua cha binti yangu. Alikuwa amemvua blanketi, shali na sweta mbili, na mimi nilikuwa nimemwuliza kama anataka kumuua mtoto kwa baridi. Ikabidi aanze upya. Dakika nzima. Sijawahi kuona dakika ndefu kama ile, na mimi ni mtu aliyengoja mtoto miaka kumi na mmoja.

Kifua kilikwenda mbio kama cha kifaranga kilichonyeshewa. Chini ya mbavu, ngozi ilizama kila alipovuta pumzi. Sikuwa nimeliona hilo, kwa sababu tangu Jumapili tulikuwa tunaongeza nguo tu, hakuna aliyezitoa.

"Sitini na sita," Jerusa akasema. "Kwa mtoto wa miezi minane, hamsini tayari ni mbaya. Na angalia hapa chini panavyoingia."

"Ni homa ya Julai. Watoto wote huku wanakohoa."

"Si wote," akasema, akamgeukia mke wangu. "Priscah, mbebe. Twende."

Niliacha shule darasa la sita, lakini ukuta naujua. Wakati huo nilikuwa fundi wa nyumba za wafanyakazi kwenye shamba la majani chai. Nyumba zilikuwa laini mbili: ya juu karibu na barabara, na yetu ya chini, karibu na kijito. Mwezi wa Julai ukungu ulitoka kwenye kijito ukakaa milangoni kwetu hadi saa nne asubuhi, kama mgeni asiyejua kuaga. Kila nyumba ilikuwa na matundu sita ya hewa juu ya mlango. Sisi tuliyaita macho ya baridi.

Baada ya kumpata Chemutai, niliamua kuyafumba. Nilichota udongo kijitoni, nikauchanganya na samadi mbichi na majivu, vile mama yangu alivyokandika nyumba yake kule Siongiroi. Nilianza kwangu. Jirani akaona, akaomba. Kufikia mwisho wa Mei nilikuwa nimeziba nyumba zote kumi na mbili, na kila mama alinipa kibuyu cha mursik, hata nikachoka kunywa maziwa. Watu wa laini ya juu walipokuja kuuliza, niliwaambia wangoje mwaka ujao. Nilijisikia mtu mkubwa.

Kuni zetu zilikuwa matawi ya chai yaliyopogolewa, na msimu ule hayakauki. Wakati wa baridi kila mtu hupikia ndani. Mwezi wa Juni Priscah aliniambia macho yanamwasha. Nilimjibu kwamba moshi nao ni joto.

Barabarani hakukuwa na gari lolote ila lori la majani chai likielekea kiwandani. Jerusa akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Okeyo, dereva, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, nina majani nyuma huku. Yakichelewa kiwandani yanaungua!"

"Yaungue," Jerusa akasema, akafungua mlango wa lori mwenyewe.

Okeyo alimtazama mtoto mara moja tu. Hakubishana tena. Tulipita lango la kiwanda bila kupunguza mwendo, na mlinzi alibaki ameinua mkono.

Jerusa ametoka upande wa ziwa. Alichuna chai miaka ishirini kabla ya kuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, na hana maneno ya kupaka siagi. Tulikuwa tumebanana pale mbele wanne na mtoto.

"Jana nilipiga hodi milango yote ishirini na minne," akasema. "Laini ya juu, watoto wawili wanakohoa. Ya chini, tisa."

"Chini kuna ukungu."

"Mwaka jana ukungu haukuwepo?"

Nikapangusa kioo cha dirisha kwa kiganja.

"Mwaka jana chini walikuwa watatu. Ni nini kimebadilika kule chini, fundi?"

Hakuniita Baba Chemutai. Aliniita fundi. Nilimtazama Priscah anitetee, lakini Priscah alikuwa anatazama barabara.

Hospitalini walimwekea mtoto mrija wa hewa puani, wakamdunga sindano. Mimi sijui kuzunguka, nikamwuliza muuguzi moja kwa moja: je, ni mimi niliyemfanya hivi?

"Ni nimonia," akasema. "Huu ndio msimu wake. Baridi inawaweka watoto ndani, wanaambukizana. Moshi hauanzishi ugonjwa peke yake. Lakini mapafu yakishachoshwa na moshi, ugonjwa unaingia bila hodi."

Sikupata ndiyo wala hapana. Ningependelea ndiyo.

Siku ya pili mtoto alikuwa bado anapumua mbio. Nilishindwa kukaa. Nilirudi nyumbani nikachukua nyundo, patasi na ngazi, nikaanza nyumba ya kwanza, kwa jirani yetu Fancy.

"Fundi, ulikunywa maziwa yetu," akasema, "sasa unaturudishia baridi?"

"Nitalipa kibuyu kwa kibuyu. Sogea."

"Na tukiganda?"

"Mvalishe mtoto soksi. Na hizo kuni zitoe nje."

Akacheka kwa dharau, akawaita majirani waje waone fundi aliyerukwa na akili. Kisha udongo ukaanguka, na moshi ukatoka kwenye tundu kabla sijaondoa patasi. Mweusi, mzito, haukuisha upesi. Tulisimama tukiutazama. Mtoto wa Fancy alikuwa anakohoa mle ndani. Hakuna aliyecheka tena. Kufikia nyumba ya nne watu walikuwa wananishikia ngazi. Matundu sabini na mawili; nilimaliza jua likizama, viganja vimechubuka.

Sasa ni miaka minane. Julai bado inakuja, na watoto bado wanakohoa, juu na chini, wengine wiki nzima. Jerusa anasema siku hizi akipiga hodi hawezi kujua yuko laini gani. Kwangu hilo linatosha.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi ya siku ya tatu. Nilikuwa natembea kwenye ukumbi wa hospitali, nikasikia mtoto akilia wodini. Si kile kilio chembamba cha siku zile. Hiki kilikuwa cha hasira, cha kifua kizima, cha mtu aliyedhulumiwa.

Muuguzi alikutana nami mlangoni. "Yule ni wako? Tangu saa kumi na mbili hajanyamaza. Ameng'oa mrija mwenyewe. Tumempima, hauhitaji tena, lakini ameamsha wodi yote."

Priscah alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kimeanguka mabegani, akicheka na kufuta machozi kwa mkono uleule. Mama wa kitanda cha pili alikuwa ameziba masikio.

"Anataka titi la pili na la kwanza hajalimaliza," Priscah akasema. Akaanza kumpigapiga mgongoni. "Nyamaza, mama. Watu wamelala."

"Mwache," nikasema.

Nikaketi kwenye benchi, nikavua gambuti, nikamsikiliza.