Jina Kwanza, Damu Nyuma

Hospitali yetu iko Mbeya, na jina lake silitaji. Ukifika mwisho utaona kwamba kukataa kutaja jina ni jambo la heshima kubwa huku, na kwamba heshima hiyo inaweza kuua.

Mimi ni Tadeo Kalinga, nesi, mzaliwa wa Iringa mjini, mshairi niliyejifundisha mwenyewe kwa sababu sikuona mwalimu wa kunitosha. Kazi yangu inaitwa usalama wa wagonjwa. Maana yake ni kwamba wenzangu wanatibu wagonjwa, na mimi nawatibu wenzangu. Nazunguka wodini nikitafuta kosa kabla halijazaliwa, na makosa hayajui uzazi wa mpango. Niliwahi kutundika sanduku ukutani ili aliyekosea aandike bila kujitaja, sote tujifunze. Nilipolifungua mara ya kwanza nikakuta karatasi mbili. Moja ilisema uji wa wodini ni mwepesi kama ahadi za kampeni. Nyingine ilisema Kalinga anajisikia. Zote zilikuwa za kweli.

Lakini kuna ugonjwa mmoja niliuponya, na sitaona haya kujisifu. Wazee wa nyanda hizi wana adabu iliyopita kiasi. Nesi akimuuliza mzee, "Wewe ndiye Mwakatobe?" mzee atajibu, "Ee, mwanangu," hata kama katika ukoo wake hajawahi kuzaliwa Mwakatobe. Anaona vibaya kumkosoa mtoto wa watu aliyevaa nguo nyeupe. Mzee mmoja aliwahi kukubali kwamba yeye ni Atupele, mjamzito, amekuja kliniki. Alisikia vizuri kabisa. Hakutaka tu kumwaibisha aliyeuliza.

Ndipo nikatunga sheria. Ni marufuku nesi kumtajia mgonjwa jina. Atauliza, "Unaitwa nani?" na jina litoke kwa mgonjwa mwenyewe au, akiwa hajiwezi, kwa ndugu yake. Hakuna jina, hakuna damu. Nikaiandika sheria hiyo kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa wodi ya wanaume, kwa mizani kamili:

*Jina litoke kinywani, la nesi halitufai,*
*Damu si supu mezani, ukipewa hukatai,*
*Muulize kitandani, kama hasemi, hatwai,*
*Awe mwenye cheo gani, jina kwanza, damu nyuma.*

Metroni Evarista aliusoma ubeti huo huku ameshika kiuno. "Rangi ilikuwa ya kupaka mlango wa choo," akasema. Huo ndio ukawa uhakiki wake.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Mbeya inakuwa friji iliyosahauliwa wazi. Wodini wazee wote walikuwa wamejifunika blanketi za kijivu mpaka puani na kofia za sufu mpaka kwenye nyusi. Ukiwatazama kutoka mlangoni, ni viazi vya gunia moja. Bendi za mkononi za kuandika majina zilikuwa zimeisha na agizo lilikuwa njiani, mahali ambapo vitu vingi vya serikali vinaishi. Tulikuwa tunaandika jina kwa kalamu juu ya plasta, na plasta ikinawa mikono mara moja inasahau kila kitu.

Mchana huo zilikuja chupa mbili za damu. Tunaziita chupa ingawa siku hizi ni mifuko. Moja ilikuwa ya Mzee Anyitike, kundi O. Nyingine ilikuwa ya Mzee Samwel, kundi A. Asiyejua mambo haya ajue moja tu: ukimtia mtu wa O damu ya A, mwili wake unaipiga vita damu hiyo, na mara nyingi anayeshindwa ni mwenye mwili.

Nesi wa zamu alikuwa Sosthenes, kijana wa Songea, ndio kwanza ameingia kazini na hamjui mgonjwa hata mmoja. Tukaanza na mzee aliyelala karibu na nguzo, kwa sababu alikuwa na hali mbaya zaidi. Vidonda vya tumbo vilikuwa vimemwaga damu yake siku nzima. Midomo ilikuwa myeupe kama chaki, na pumzi yake fupi.

"Baba, unaitwa nani?" nikauliza.

Akafungua jicho moja, akalifunga.

"Nani amekuja na mzee huyu?"

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke, ameipa wodi mgongo, khanga imefunika kichwa chote. Jina lake lilikuwa Esnath, mkazi wa Ilomba. Tangu asubuhi alikuwa akileta uji na kumpa mgonjwa wa kitanda cha kwanza aupitishe mpaka kwenye nguzo, yeye mwenyewe haingii. Mimi nilidhani anaogopa damu.

"Dada, mgonjwa wako ni yule wa kwenye nguzo?"

"Ndiyo, dokta."

"Ni nani yako?"

"Baba mkwe."

"Anaitwa nani?"

Akaivuta khanga mbele ya uso.

"Dada, nimeuliza jina."

"Si mnalo? Mumewe wifi alimwandikisha jana."

"Tunalo, lakini nataka kulisikia kwako."

"Sasa kama mnalo, mnalitakia nini?"

Watu wa vitanda vya jirani wakaanza kufurahi. Sosthenes akacheka puani. Mimi nikanyoosha kidole ukutani, kwenye ubeti, na nikausoma wote kwa sauti, kwa vituo. Katika maisha yangu sijawahi kusoma vibaya, na siku hiyo nilisoma vizuri sana.

"Mume wako anaitwa nani?" nikajaribu njia ya nyuma.

"Ezekia."

"Ezekia nani?"

Akaivuta khanga tena.

"Mtoto wako?"

"Mariya."

"Mariya nani?"

Akajiinamia kama mtu aliyepigwa na upepo.

"Dada!" Sasa nilikuwa nimepandisha sauti. "Baba mkwe wako anakufa na damu hii hapa. Bila jina kutoka kinywani, nairudisha maabara. Unanielewa? Naondoka nayo!"

Nikapiga hatua moja, kweli, na chupa mkononi. Esnath akashika fremu ya mlango.

"Samwel," akasema.

"Nani?"

"Samwel! Jina limetoka. Mpeni damu."

Nikamgeukia Sosthenes na uso wa mtu aliyefunga goli. Tukachukua chupa yenye jina la Samwel, tukaitundika juu ya mzee wa kwenye nguzo, Sosthenes akaunganisha mpira, akafungua koki. Damu ikaanza kuteremka kwenye mpira polepole, kama mgeni asiyejua njia.

Mimi nikasogea kitanda cha pili, kwa mzee mwenye macho makali na sikio zito.

"Baba, unaitwa nani?"

"Ee?"

"Jina lako!"

"Samwel!" akanguruma. "Samwel wa Idodi, nimekuja kumtembelea binti yangu na baridi yenu imenilaza! Mmeniuliza jana, mmeniuliza leo. Mnataka kuniozesha?"

Nikaitazama chupa iliyobaki mkononi mwangu. Ilikuwa imeandikwa Anyitike.

Sikumbuki kuzunguka kitanda. Metroni Evarista, aliyekuwa anaingia wakati huo, anasema nilipita juu yake, na Mzee Samwel mpaka leo anadai nilimkanyaga goti. Ninachokumbuka ni vidole vyangu vimeubana mpira, na damu imesimama kiasi cha kiganja kutoka kwenye mshipa. Haikuwa imeingia. Nikauchomoa mpira wote, nikaketi sakafuni.

"Dada Esnath," nikasema, na sauti haikuwa tena ya kusomea mashairi, "umetaja jina la nani?"

"La yule babu wa pembeni. Nimesikia wakimwita."

"Kwa nini?"

"Ulitaka jina litoke kinywani. Limetoka! Ukutani kwako pameandikwa liwe la nani?"

Metroni Evarista alipiga makofi mara moja, kwa huzuni. Yeye ni wa Rungwe, na alikuwa ameshaelewa yote kabla sijainuka.

"Kalinga, baba, wewe ni nesi au jiwe? Huyu ni mkamwana. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitaji hata akiwa peke yake porini. Utamning'iniza kichwa chini, atakutajia majina ya mitume wote, lile hutalipata."

"Hata akiwa anakufa?"

"Akiwa anakufa ndiyo zaidi. Unataka amwongezee na laana?"

Kwetu pia mkwe ana heshima yake, lakini jina hatulifungii kufuli. Sheria yangu ilikuwa nzuri, tatizo haikuwahi kuolewa Unyakyusa.

Hapo akaingia Dokta Murtaza, daktari wa upasuaji, mtoto wa wenye duka la misumari na mabati pale Iringa, ambaye Kihehe chake kinanizidi mimi mwenyewe na hataki nisahau.

"Kamwene, Kalinga," akasema. "Kwa nini mzee wangu hana damu na sakafu ina nesi?"

Nikamweleza. Akatazama chupa, akatazama vitanda.

"Wazee wawili, chupa mbili. Huyu amesema yeye ni Samwel. Basi huyo ni Anyitike. Tundika."

"Hapana, dokta."

"Hapana nini? Hesabu ya darasa la kwanza!"

"Ndiyo hesabu iliyotaka kumuua sasa hivi. Mkwe kataja, tukajumlisha. Sitoi damu kwa kukisia."

"Mapigo yake unayaona? Akifa utamwandikia utenzi?"

Sina haja ya kusema kwamba iliniuma. Mzee alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima Loleza na gunia. Kila mtu wodini alikuwa ananitazama, hata waliokuwa wamelala. Nilikuwa nimebaki na sheria ambayo mtu pekee wa kuitimiza alikuwa amekatazwa, na jina nililolijua mimi mwenyewe likaniwasha ulimini.

Nikaenda mlangoni. Safari hii nilisimama upande wake, mgongo wangu nao wodini, kama yeye, tukawa tunatazama wote korido.

"Dada, sikuulizi jina. Nakuuliza, nani anaruhusiwa kulisema?"

Akageuza shingo, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nadhani alikuwa anangoja swali hilo tangu asubuhi.

"Mume wangu, lakini yuko Tunduma na simu kaizima. Wifi yangu anaweza. Ni binti yake wa kumzaa. Anauza ndizi sokoni Soweto."

"Mpigie."

Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Dokta Murtaza akawa anagonga saa yake kwa kucha. Mara ya tatu ikapokelewa, na kelele za soko zima zikaingia wodini kwa spika.

"Wifi! Kafa?"

"Hajafa. Tusekile, kuna nesi hapa anataka lile neno."

"Neno gani?"

"Lile. La mzee."

"Yaani wamekuuliza *wewe*? Mwe! Huyo nesi kazaliwa wapi?"

"Iringa," akasema Esnath, kwa sauti ya kunisamehe.

"Mpe simu!"

Nikaichukua. "Dada, baba yako aliyelazwa hapa anaitwa nani?"

"Anyitike Mwaisaka!" Esnath aliziba masikio kwa viganja vyote. "Anyitike mwana wa Mwaisaka, mzaliwa wa Kiwira! Ana kovu la panga juu ya nyonga ya kushoto, alijikata mwenyewe akigombania mgomba! Nikuongeze la babu yake?"

"Inatosha, dada."

"Na nikija nikakuta hajapewa damu, hilo panga bado tunalo!"

Sosthenes alifunua blanketi. Kovu lilikuwepo, refu na baya, la mtu aliyekuwa na hasira na mgomba. Nikatundika chupa kwa mikono yangu, nikakaa pale nikitazama kila tone linavyoanguka, na Dokta Murtaza akaondoka akinung'unika kwa Kihehe maneno ambayo mama yangu asingependa niyajue.

Jioni midomo ya Mzee Anyitike ilikuwa imeanza kupata rangi. Akafungua macho yote mawili.

"Wewe ndiye mwenye kelele?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, baba."

"Nilikuwa nasikia. Mdomo ndio ulikuwa mzito. Mkwe wangu hakunitaja?"

"Hakukutaja. Alitaja mtu mwingine, ukakaribia kufa."

Mzee akatabasamu kama bwana harusi.

"Ndaga fijo," akashukuru kwa Kinyakyusa, akiitazama dari. "Ezekia alioa mtu." Kisha akapumzika kidogo. "Mwambie nimeunywa uji wake. Mwambie chumvi ilikuwa kidogo."

Nikatembea mpaka mlangoni, mimi Tadeo Kalinga, mtunga sheria, nikapeleka salamu za chumvi.

"Mwambie mgonjwa wa kwenye nguzo," Esnath akajibu bila kugeuka, "daktari amekataza chumvi. Hata hiyo aliyoionja nilimwonea huruma."

Nikarudi kitandani. Nikaambiwa nirudi mlangoni. Tulifanya hivyo mpaka Tusekile alipofika na mkungu wa ndizi kichwani, akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Kumbe ni kadogo."

Asubuhi yake nilitakiwa niwe njiani kwenda Iringa, kuwasomea manesi wa huko ubeti wangu wafuate mfano. Nikachelewa kuondoka kwa sababu nilikuwa juu ya kiti, na brashi, na rangi ya mlango wa choo. Sikufuta hata neno moja. Ubeti wangu una vina safi na sioni sababu ya kuuadhibu. Niliongeza tu mistari miwili chini yake:

*Mkwe yuko mlangoni, jibu lake halifai,*
*Pigeni simu sokoni, wifi yake hakatai.*

Metroni Evarista alikuja, akashika kiuno, akausoma taratibu mpaka mwisho.

"Huu sasa," akasema, "unaweza kutoka chooni."