Taa Iliyokaa Juu ya Kabati

Tangu asubuhi nilikuwa situlii. Nilifagia karakana mara mbili, nikapanga spana zilizokwisha kupangwa, nikachungulia barabarani kana kwamba atatokea mtu wa kunisemea. Nilikuwa nimepata kazi kwenye karakana kubwa ya mji mwingine, naanza Jumatatu, na Baba hajui. Kila nikitaka kumwambia, nashika ufagio tena.

"Fundi, bado tu?" aliuliza mama mwenye gari, akizunguka na mkoba wake. Alikuwa apande mlima siku hiyohiyo kumfuata mjukuu.

"Haraka haraka haina baraka," Baba akamjibu. Methali hiyo huniudhi, maana huikumbuka akichelewa tu.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani. Injini ilishapata moto, inanguruma. Baba alilegeza bolti ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, akawa anaizungusha kidogokidogo kwa mkono mmoja huku mwingine ukipiga resi. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, aliipanga kwa sikio. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga kama kokoto ndani ya kopo. Ikichelewa, gari linakosa nguvu. Taa ya taimingi niliyomnunulia, inayomweka kila cheche inaporuka, ilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake.

"Hiyo ni ya wasio na masikio," alizoea kusema.

Nilikuwa natazama barabara niliposikia injini inagonga, tena waziwazi. Nikageuka. Baba anakaza bolti, anatabasamu.

"Hapohapo! Inaimba."

Kwenye ule mlima, injini ingetoboka pistoni. Na kwetu, Baba akishakaza, hakuna anayegusa. Nilimvuta nyuma ya kabati.

"Baba, inagonga."

Alipangusa mikono kwa kitambaa, akaipangusa tena.

"Kule kugonga sikusikii tangu mwaka jana," akasema. "Sauti za watu nazipata."

"Sasa magari yote hayo ulikuwa unayapanga vipi?"

"Nakutazama wewe. Ikigonga, unakunja uso kama umeuma ndimu. Narudisha nyuma mpaka ukunjuke. Leo uso wako ulikuwa barabarani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimkasirikia kwa kunificha, nikajikasirikia zaidi. Jumatatu angemtazama nani?

Nikapanda stuli, nikashusha boksi. Nilibana klipu kwenye waya wa plagi ya kwanza, nikapaka chaki kwenye alama ya puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, nikampa taa. Ilipomulika, puli ikiwa mbioni, alama ilionekana imesimama tuli. Baba aliguna. Akalegeza bolti, nami nikageukia ukuta, asipate uso wa kuibia.

Alichukua muda wake. Alipokaza, akapiga resi. Injini haikugonga, na mimi bado nautazama ukuta.

"Iko sawa," akasema, bila kuniuliza.

Mama alipoondoka na gari lake, Baba aliiweka taa mezani, karibu na spana zake.

"Haya. Tangu asubuhi una jambo. Liseme, tena kwa sauti. Nimechoka kusoma nyuso."

"Baba, nimepata kazi mji mwingine! Jumatatu naondoka!"

Nilipiga kelele hadi wapita njia wakageuka. Baba akainamisha kichwa.

"Usipige kelele, mwanangu," akasema. "Hilo nimelisikia."