Mstari Mweupe wa Mferejini

Mkono wa chuma wa kufungulia maji ulikuwa bado kiganjani mwangu nilipouona ule mstari mweupe ukimezwa na tezi, sehemu ya nyuma ya boti yetu, na sikusema kitu.

Ilikuwa Juni, siku ya nne ya safari yetu ya mferejini, na jua liliwaka kwa namna ambayo sisi Waingereza huisubiri mwaka mzima, kisha huanza kuilalamikia kabla ya saa sita. Ng'ombe walikuwa wamesimama majini hadi magoti. Mume wangu, Desmond, alishika usukani bila shati. Mdogo wangu Verity alikaa juu ya paa akining'iniza miguu, anamlisha stroberi. Ndiyo, anamlisha, maana mikono ya shemeji, eti, ilikuwa na kazi.

Mimi ndiye niliyemwalika. Alikuwa ametoka kuachika, na mama alinisihi nimchukue akapunge upepo. Tangu utotoni Verity akiingia mahali, watu husogea wampe nafasi. Kwa siku nne Desmond alikuwa amecheka kuliko alivyocheka nami kwa miaka tisa. Nilikuwa na wivu, wivu mbaya, na sina neno la kuupamba.

Kazi ya milango ya maji, inayoshusha boti pale mfereji unapoteremka, ilikuwa yangu. Boti huingia kwenye birika la mawe, unafunga nyuma, unafungulia maji ya mbele yatoke, nayo boti hushuka taratibu pamoja na maji. Sharti ni moja: ikae mbele ya mstari mweupe uliochorwa ukutani. Ikirudi nyuma, tezi itakalia kizingiti kilichojificha majini huku omo, yaani mbele, ikiendelea kushuka, na boti itazama.

"We shemeji, umejipaka kidevu kizima kama mtoto!" Verity alimfuta kwa kidole gumba.

"Acha uchokozi, dada yako anatuangalia."

"Si aangalie? Hilary hana wivu, huyo."

Maji yaliendelea kushuka. Nilivuta pumzi, nikaishusha, nikavuta nyingine. Nilitaka waogope, basi. Nilitaka kile kicheko kiwaishe.

Chuma cha tezi kikakwaruza kizingiti. Omo ikainama, vyombo vikavunjika ndani, Verity akateleza pale paani hadi akadaka kamba. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nikafunga maji ya mbele, nikakimbia kufungulia ya nyuma yaingie, na birika likajaa tena, boti ikanyanyuka polepole.

Desmond alipanda ngazi ya ukutani, akanikumbatia. "Umetuokoa, mke wangu. Ungechelewa kidogo tu!"

Verity alikuja nyuma yake, damu gotini. Alisubiri hadi Desmond alipokwenda kukagua boti.

"Dada, uliuona mstari."

"Jua lilinipiga machoni."

Akageuka kulitafuta jua. Lilikuwa mgongoni kwangu. Alinitazama, na nikajua ameelewa yote.

"Kosa letu, shemeji!" akamwitia Desmond. "Tulikuwa tunapiga soga tu."

Alasiri hiyohiyo alipanda treni kurudi kwa mama, akisingizia goti. Ni miaka ishirini na sita sasa. Desmond bado huwasimulia wageni jinsi nilivyowaokoa, na kila mara huongeza chumvi. Verity akiwapo husikiliza hadi mwisho, anakubali kwa kichwa, kisha ananiongezea chai.