Kiti cha Tiara Langoni

Kwa jina la Mola aliyeunga mfupa na mfupa kisha akauvika nyama, Mwenye kuinua na kushusha, tunaanza; na rehema zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyesimama kwa subira.

Anayesimuliwa hapa ni mwanamke wa kiwanda cha nguo. Wenzake walimwita Tiara, kwa kuwa katika mpira wa pete alikuwa akiruka akabaki hewani, ukadhani ameshikwa na uzi. Wa pili ni kaka yake, seremala, aliyemweka nyumbani kwake tangu apasuliwe nyonga. Wa tatu ni afisa utumishi, aliyeshika riziki za watu mkononi. Wa nne ni bawabu wa lango, mtu mwema mwenye kazi mbaya.

Alfajiri ile Tiara alisali kitini, kama alivyozoea tangu atoke hospitali. Kiti chenyewe kaka yake alikirefusha miguu kwa vipande vya mbao ngumu, maana daktari alikataza asikae mahali ambapo magoti yatapanda juu ya nyonga. Kiungo kipya cha chuma kingeweza kuchomoka. Alipotoa salamu, kaka mtu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Shikamoo, sultani. Sisi raia tuko huku chini."

"Marahaba, raia. Hebu nipe mkongojo wangu."

"Leo kamwambie yule bwana ukweli. Usijikaze."

"Nitamwambia, kaka."

"Nakujua wewe. Utatabasamu."

Alichokwenda kuomba kilikuwa kimoja: atolewe kwenye mashine ya kukunja majora, ambako mtu husimama zamu nzima akibeba nguo, apelekwe meza ya ukaguzi, ambako watu hufanya kazi wamekaa, mpaka nyonga ishike. Akikosa, ni kujiharibu au kupoteza kazi. Aliumia akikichezea kiwanda hicho hicho, katika uwanja wake wa saruji iliyopasuka. Lakini ilikuwa siku ya mapumziko, basi wakasema hakuumia kazini.

Nje ya ofisi palikuwa na benchi fupi mfano wa kibao cha jikoni. Waliotangulia walikwisha kukaa, magoti yakikaribia videvu. Tiara akasimama. Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mwanamichezo. Kocha wao aliwafunza kwamba ukianguka, inuka kabla mwamuzi hajageuka, na uso wako usimwonyeshe adui panapouma. Mafunzo hayo yalikuwa yamemwingia damuni. Akauegemeza mkongojo nyuma ya mlango, akanyoosha mgongo, akatulia.

"Mwanangu, sogea ukae, tubanane," akasema mama mmoja benchini.

"Ahsante, mama. Niko sawa."

"Uko sawa kutushinda sisi tuliokaa!" Benchi zima likacheka.

Moto ulikuwa ukipanda pajani hadi kiunoni. Uso haukusema kitu.

Jua lilipokwisha kuwa kali, akaitwa ndani. Nyuma ya kichwa cha afisa utumishi, katika kabati la vioo, lilikuwapo kombe, na kando yake picha: Tiara hewani, mpira mkononi.

"Nimekutazama asubuhi nzima kupitia dirisha hili," akasema afisa. "Wenzako wamekaa, wewe wima kama mlingoti. Mgonjwa gani huyo?"

"Nimesimama kwa sababu benchi lenu ni fupi, mzee. Daktari amenikataza."

"Mbona wajawazito wanalikalia?"

"Nyonga zao ni za kuzaliwa nazo. Yangu ni ya chuma."

"Basi yako ndiyo imara!" Akaicheka mwenyewe dhihaka yake.

"Cheti cha daktari kiko mbele yako, mzee."

"Kinasema ufanye kazi umekaa. Hakikusema kiwanda kinunue viti. Meza ya ukaguzi imejaa. Zamu ya mchana uwe kwenye mashine yako. Usipofika, wanaoitaka nafasi hiyo wako nje."

"Nikileta kiti changu mwenyewe?"

"Lete hata kitanda," akasema afisa, akachukua funguo za gari lake.

Neno hilo Tiara alilishika. Adhuhuri ilipopita, kaka yake alifika langoni na kiti kichwani, jasho likimtiririka. Bawabu akanyoosha mkono.

"Samani haziingii bila kibali cha afisa utumishi."

"Kaniruhusu kwa ulimi wake," akasema Tiara.

"Ulimi wake ametoka nao, dada. Kaenda kula."

King'ora cha zamu kikalia. Tiara akamtazama bawabu, kisha kaka yake. "Kiweke hapo hapo," akasema. Kiti kikawekwa katikati ya lango, naye akakaa.

"Tiara, unaniponza!" akasema bawabu. "Mimi pia nina watoto."

"Sijakuomba unifungulie. Nimefika zamuni."

Wafanyakazi wakapita pembeni yake wakiingia. Mchezaji mwenzake aliyezoea kumrushia mpira akasimama, akamwangalia, akaziba mdomo kwa kiganja. Uso wa Tiara ulikuwa umeachiwa. Machozi yanashuka, taya linatetemeka.

"Kumbe inauma hivi?"

"Inauma, mwenzangu. Tangu siku ile ile."

Yule mwanamke hakuingia. Akasimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa Tiara.

Afisa utumishi hakurudi mpaka vivuli vikarefuka. Wakati huo Tiara, ambaye udhu wake ulikuwa haujatanguka, alikwisha kumwomba kaka yake amgeuzie kiti kuelekea kibla, akanuia alasiri, akafunga sala. Gari likapiga honi, likapiga tena. Bawabu akaenda dirishani mwa gari, akainama.

"Mwondoe!"

"Mzee," akasema bawabu, "anasali."

Honi ikanyamaza. Tiara akainamisha kichwa kwa rukuu, akakiinamisha zaidi kwa sijida, polepole, kwa kadiri nyonga ilivyomruhusu.

Kesho yake jina lake lilifutwa zamuni, na la bawabu likafuatia.

Ewe Mola, uwape makao mema hao wawili, umpe nguvu yule mchezaji aliyebaki kusimama langoni nyuma ya kiti kitupu, na wote ambao saa hii wangali wima mbele ya mashine, nyuso zao hazisemi kitu, uwajaalie pa kukaa. Amin.