Baridi ya Mama Solange

Miji ilikuwa mitatu, yote ya Kanada, na Papa Ezéchiel alihangaika na majina yake asubuhi nzima hadi ulimi ukagoma. Mtu aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini hashindwi na majina ya vituo, kwa hiyo akayabatiza upya kwa majina ya miji ya kwao. Mji wa kwanza, ulio kando ya mto, wenye baridi ya digrii nane chini ya sifuri, akauita Isangi. Wa pili, ulio mbali na kila kitu, ukawa Opala. Wa tatu, reli inapoishia, digrii kumi na nane chini ya sifuri, huo ulikuwa Ubundu bila mjadala.

Binti yake Précieuse, muuguzi, alitakiwa kuandika mji mmoja kwenye fomu kabla ya Ijumaa. Opala ilitupwa siku ya kwanza, kwa sababu barabara yake ilionekana mbaya hata kwenye ramani. Isangi walitaka arudi shuleni miaka miwili kabla ya kugusa mgonjwa. Ubundu walikuwa tayari kumwajiri mwezi uleule.

Ingekuwa rahisi, kama Papa asingeponzwa na mdomo wake. Siku karatasi za binti za kuhamia huko zilipofika alitangaza mbele ya majirani kwamba kila mwaka atakwenda kumtembelea. Mkewe alikwisha fariki na Précieuse ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Kuagana naye moja kwa moja ni jambo ambalo hakuthubutu hata kulitaja. Naye Précieuse akaapa hataandika mji ambao baba yake hawezi kuufikia.

“Ubundu itakuuwa, papa. Niandike tu Isangi, nisome tena.”

“Usome tena nini? Ulishasoma. Bon, tutapima.”

Kwenye reli, mvua kubwa ikinyesha, mtu mmoja hupita kwanza kwa miguu juu ya daraja ndipo treni ifuate. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Papa Ezéchiel, na bado alikuwa hai. Hakuona kwa nini baridi ipimwe kwa njia nyingine.

Wakaenda kwa Mama Solange, mfanyabiashara kutoka Butembo, anayeuza samaki wa barafu kwa jumla karibu na soko kuu. Mshale uliokuwa juu ya mlango wa chumba chake cha baridi ulionyesha digrii kumi na nane chini ya sifuri, yaani Ubundu kamili.

“Huu mushale hautembeake,” alisema Mama Solange kwa fahari. “Tangu ninunue machine, iko tu ku dix-huit.”

Makubaliano yalikuwa Papa akae ndani saa moja. Akiimaliza, Précieuse ataandika Ubundu. Akigonga mlango, Isangi. Papa alivaa koti la mitumba, kofia ya sufu na soksi jozi tatu, akamkabidhi binti yake saa yake ya reli, akaingia na tochi. Mlango ukafungwa.

Akaketi juu ya katoni ya samaki. Dakika chache tu, meno yakaanza kugongana. Kisha magoti. Alijipa moyo kwamba watu wanaishi katika baridi hii, wanaoa, wanaenda misa. Ndipo akahisi maji kwenye makalio. Akabonyeza katoni, kidole kikazama. Akachungulia ndani: samaki walikuwa laini, wakimtazama kwa uchovu. Akatega sikio. Motor ilikuwa kimya, na kwa hali ya wale samaki, ilikuwa kimya tangu jana.

Kwa hiyo hii haikuwa Ubundu. Haikuwa hata Isangi. Baridi haikufika hata sifuri yenyewe. Na miguu yake alikuwa haisikii tena.

Akaelewa, na ikamuuma sana. Hatakwenda popote. Binti yake ataondoka na yeye atabaki, aandike mji wowote ule. Basi miaka miwili ya kusoma tena ingekuwa ya bure. Mlango ulikuwa hatua mbili tu. Akarudi kukaa juu ya katoni, akakaa mpaka saa ikaisha.

“Iko baridi ya kawaida,” alisema alipofunguliwa, midomo ikiwa ya majivu. “Andika Ubundu.”

Kisha akamwinamia Mama Solange. “Samaki uuzishe leo.” Mama Solange akautazama mshale, akamtazama yeye, akaenda kuwapigia simu wateja wake.

Précieuse alimshika baba yake mkono kupima mapigo, kama kazi yake inavyotaka. Akaona suruali inavyodondosha maji. Akachungulia chumbani, kwenye zile katoni zilizolegea. Aliweka fomu juu ya mzani wa samaki, akaandika Ubundu, kwa jina lake la Kikanada.

Walikuwa wamefika nusu ya njia kwenda nyumbani aliposema, “Papa, usinunue koti ingine.”

“Sababu ya nini?”

“Ni miye njo nitakuya kukuona. Kila mwaka.”

Papa alitaka kumkumbusha kwamba saa nzima ameimaliza, na saa yenyewe ya reli anayo binti. Badala yake aliuliza, “Mwezi gani?”

“Wa saba.”

Akatikisa kichwa kukubali. Précieuse hakuwa ameuachia ule mkono, na kwa kuwa ulikuwa bado wa baridi, aliendelea kuushika hadi mlangoni.